Jino Juu ya Bati

Wanawake wajawazito wa Mpanda walimjua Nyamizi Malale kwa mikono yake kabla ya kumjua kwa jina. Ilikuwa mikono mipana, yenye udongo wa kijivu kwenye mistari ya viganja, udongo usiotoka hata kwa sabuni ya mche. Kwa miaka ishirini na sita mikono hiyo ilichimba udongo wa kula, ikaulowesha kwenye beseni, ikauchuja kwa kipande cha kanga kuukuu, ikauviringisha kuwa vijiti vya urefu wa kidole, ikavianika mkekani na kuvibanika kwenye moshi mpaka vikanukia kama ardhi ya mvua ya kwanza. Mwenye mimba changa akikatiza sokoni hakuhitaji kuitwa. Pua yake mwenyewe ilimleta.

Zamani alichimba kwenye kichuguu cha Misunkumilo alichoachiwa na mama yake, kama wengine wanavyoachiwa shamba. Nyumba zikaja, kichuguu kikasawazishwa, na miaka miwili iliyopita Nyamizi akapata mahali papya: korongo la Kalumbi, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu. Udongo wa huko ulikuwa laini kama unga wa muhogo, tena mzito. Kijiti kimoja kilikaa mkononi kama viwili. Wateja walisema huu sasa ndio udongo ulioshiba. Ndani yake mlikuwa na vijiwe vya kijivu vinavyong'aa kama kioo kilichovunjika. Vikubwa alivitupa, vidogo vilimpita.

Mahali penyewe hakumwambia mtu. Mchimba udongo hataji shimo lake, hata kwa mwanawe wa kumzaa. Akiulizwa alikotoka na ndoo kichwani, alisema alikuwa kwenye kuni.

Msaidizi wake alikuwa mjukuu wake Angela, mtoto wa binti yake Kabula. Wote watatu waliishi nyumba moja Nsemulwa. Angela aligeuza vijiti juani, na ujira wake ulikuwa vile vilivyovunjika. Alivimumunya polepole huku akisimulia mambo ya shule. Karibu na Krismasi, akiwa na miaka sita, jino lake la mbele likang'oka. Kama watoto wote wa kwetu, alilirusha juu ya bati akamwomba mjusi amletee jipya. Likagonga bati mara mbili, kisha kimya. Angela akasema, "Bibi, amelidaka."

Jipya halikuwahi kuota.

Mwezi wa pili mtoto alianza kulia tumbo. Wakampa dawa ya minyoo. Viganja vikawa vyeupe, akawa anasahau nyimbo alizozijua. Wakampima malaria, hakuna. Kisha degedege ikaja mchana wa Jumanne, ikarudi mara ya pili na ya tatu. Jirani mmoja alisema degedege ni ya mganga, lakini Nyamizi alimbeba mtoto mgongoni mpaka hospitali huku akisali rozari kwa sauti, ajisikie kwamba yeye mwenyewe bado anapumua. Angela alifariki Ijumaa, kabla ya saa sita.

Jibu la damu lilirudi kutoka maabara ya mbali wakati kaburi limeshaota majani. Daktari alimwita Nyamizi na Kabula, akawaambia kwamba mtoto aliuawa na risasi, yale madini mazito ya kijivu yanayotumika kwenye betri za gari, na kwamba yalikuwa yakiingia mwilini mwake kidogo kidogo kwa muda mrefu. Akataka wote wawili wapimwe. Risasi ya Nyamizi ilikutwa kidogo. Ya Kabula ilikuwa nyingi, na Kabula alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Daktari aliuliza wanakula nini. Wakamtajia ugali, wali, maharage, migebuka, matembele. Akauliza maji, sufuria, dawa za kienyeji. Wakajibu yote kwa uaminifu. Udongo hakuna aliyeutaja, wala hawakuuficha. Udongo si chakula. Mtu akiulizwa alichokula hasemi kwamba amemeza mate.

Daktari alipotamka neno betri, wote wawili walikuwa wameshafikiria uzio mmoja.

Ng'ambo ya njia alikaa Abednego, fundi wa betri, na mkewe Joséline. Wote walizaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka sabini na mbili. Abednego alikata betri kuukuu kwa msumeno na kuyeyusha risasi yake kwenye sufuria lililoungua. Jumapili hiyo, kwenye sala ya Jumuiya, kikundi cha Wakatoliki wa mtaa, ilipofika zamu ya maombi, Nyamizi alisimama.

"Mungu wangu," alisema, "aliyeleta sumu nyumbani kwangu, nionyeshe mkono wake. Nami nitautaja mbele ya watu, hata awe nani."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Macho yote yalivuka njia.

Abednego alikuja mwenyewe kesho yake, kofia mkononi. Alisema anaomboleza nao, lakini Angela hakuwahi kuvuka uzio wake, kwa sababu yeye anajua kazi yake ni mbaya na hata kuku anawafukuza. Nyamizi alimwambia asirudi kutaja jina la mtoto yule. Kabla ya wiki kwisha, vijana wa mtaa walikuwa wameng'oa mabati ya banda lake. Mmoja alimrushia maneno ya kurudi kwao Burundi, na mwingine akacheka kwamba atavuka mpaka na betri begani. Joséline alifunga magodoro kwa kamba, wakarudi Katumba. Nyamizi aliwatazama akiwa mlangoni. Alidhani angepata nafuu moyoni. Hakupata.

Miezi miwili baadaye Kabula alipimwa tena. Risasi ilikuwa imeongezeka.

Daktari alisema chanzo bado kipo, na kwamba kisipopatikana mapema, aliye tumboni atazaliwa na risasi mwilini. Njiani Kabula alikaa kwenye jiwe kando ya barabara, akafungua fundo la kanga yake, akavunja kijiti cha udongo na kukiweka mdomoni. Ndicho kitu pekee kilichomtuliza kichefuchefu. Mama yake alimpangusa jasho.

"Abednego ameondoka," Kabula alisema. "Sasa tunamsingizia nani?"

Swali hilo Nyamizi alikwenda nalo kanisani, akatoka nalo. Alikuwa ameapa mbele ya altare ndogo ya Jumuiya, na nadhiri si nguo ya kuvua unapochoka. Ndipo akamkumbuka Getrude.

Getrude Maiko alikuwa binti wa wakulima wa mpunga wa Mpimbwe, aliyesomea miamba mpaka chuo kikuu na sasa alikuwa akizunguka Katavi kukusanya mawe kwa ajili ya shahada nyingine. Alipanga chumba karibu na parokia, na akina mama wa sokoni walimtania kwamba mchumba wake atamtolea mahari ya kokoto. Mwaka uliotangulia aliwauliza nani ameona mawe mazito yanayong'aa. Nyamizi alimwelekeza korongo la Kalumbi, upande wa juu, mbali na shimo lake. Alipoulizwa amepajuaje, alisema kuni.

Sasa alimkuta akiandika namba kwenye mifuko ya mawe. Akamwuliza bila kuzunguka kama ule usomi wa mawe unaweza kutambua risasi iliyoua mtoto imetoka wapi.

 Getrude alimkalisha, akachukua ungo uliokuwa ukutani. Akamwambia kwamba chembe za risasi zinafanana kwa kila kitu isipokuwa uzito. Ziko za aina nne, nyepesi na nzito, na tofauti yake ni ndogo kiasi kwamba hakuna mizani ya duniani inayoweza kuikamata. Ila ipo mashine. Sampuli huyeyushwa kwa asidi, risasi hutengwa, kisha huchomwa kwa joto kali mpaka chembe zinaruka moja moja zikiwa na umeme. Zinapitishwa kwenye bomba lililopinda, penye sumaku kubwa.

"Ni kupepeta tu, mama," alisema akiupunga ungo mtupu. "Upepo ukivuma, pumba zinakwenda mbali, chenga karibu, punje zinabaki. Sumaku ndiyo upepo wetu. Nyepesi inapinda sana, nzito inapinda kidogo, na mwisho wa bomba kuna vikombe. Kila uzito una kikombe chake."

Nyamizi, aliyepepeta tangu utoto, alielewa. Akauliza vikombe hivyo vitamwambia nini. Getrude akaeleza kwamba ndani ya dunia kuna madini mengine, urani, yanayogeuka kuwa risasi taratibu mno, miaka mamilioni kwa mamilioni. Kwa hiyo risasi iliyojifungia kwenye mwamba zamani sana ina mchanganyiko wake wa nyepesi na nzito, na ya mwamba mwingine ina wake. Miamba mingi ya Katavi ni ya zamani kupita kiasi, karibu miaka bilioni mbili. Risasi ya betri imetoka nchi nyingi, imeyeyushwa na kuchanganywa. Hizo mbili haziwezi kujaza vikombe sawasawa.

Nyamizi hakusumbuliwa na hiyo bilioni. Alisema Mungu hana haraka, na akauliza kinachotakiwa.

Getrude akainamisha kichwa. Damu ya mtoto iliyopimwa ilikuwa imeshamwagwa, na kufukua kaburi asingethubutu kumwomba mtu. Kingefaa kitu kilichokuwa mwilini mwake wakati wa uhai. Nywele. Kucha. Jino lingefaa kuliko vyote, kwa kuwa jino huweka risasi kama linavyoweka chokaa.

Nyamizi alisimama bila kuaga.

Mchana huo majirani wa Nsemulwa walimwona bibi wa miaka sitini na mitatu juu ya ngazi ya kuazima, kanga imefungwa kiunoni. Bati lilikuwa la moto, akatandika gunia na kutambaa juu yake. Jirani yake Helena aliyeshika ngazi alimwuliza kama amechoka kuishi. Akajibiwa ashike ngazi na afunge mdomo. Alipapasa kila bonde la bati, akatoa majani makavu, gamba la mjusi, betri ya redio, kifuniko cha soda. Misumari ilimchana goti. Aliteremka kunywa maji akapanda tena. Alasiri, chini ya tofali lililokandamiza kona ya bati, kwenye vumbi lililoganda, kidole chake kiligusa kitu kidogo kama punje ya hindi.

Alikikumbatia juu ya paa, peke yake, na hapo ndipo alipolia kilio ambacho hakukilia msibani.

Jino lilioshwa, likafungwa. Getrude alichukua na vumbi la mahali lilipokuwa banda la Abednego, akavibeba pamoja na mawe yake mpaka maabara moja ya Afrika Kusini yenye mashine hiyo. Akaomba avumiliwe. Nyamizi alivumilia wiki saba, na katika wiki hizo aliendelea na kazi, kwa sababu mikono isipofanya kazi hufikiri. Alikwenda "kwenye kuni" mara nne. Kabula, mimba ikikua, alimaliza vijiti vingi kuliko zamani.

Getrude aliporudi alikwenda moja kwa moja Nsemulwa na begi lake la safari. Kabula alikuwa kliniki. Nyamizi alikuwa akichuja udongo uani. Alinawa, akamletea mgeni kiti, na yeye akakaa kwenye kigoda.

"Si betri," Getrude alisema. "Nimepima mara tatu. Jino na vumbi la Abednego havikaribiani hata kidogo. Risasi ya Angela imetoka kwenye mwamba, tena mwamba wa hapa. Inalingana na lile jiwe linalong'aa la Kalumbi, kikombe kwa kikombe."

Nyamizi alitazama beseni.

"Ndiyo maana sielewi," Getrude akaendelea. "Kalumbi ni mbali. Hakuna nyumba, hakuna kisima. Mtoto wa miaka sita alifikaje? Wewe uliniambia unaokota kuni tu. Ulikuwa unakwenda naye?"

Beseni lilikuwa kati yao. Maji yalikuwa yametulia na udongo umekaa chini, laini, wa kijivu. Nyamizi aliuona sasa ule mng'ao mdogo kwenye ukingo ambao alikuwa akiuona kila siku.

Angeweza kunyamaza. Jambo hilo aliliona waziwazi, kama mtu aonavyo njia mbili. Shimo alilijua yeye peke yake. Angemwaga beseni, akamdanganya Kabula kwamba udongo umeisha, akaanza kuuza mboga, na hakuna mashine duniani ambayo ingemfuata. Kabula angepona. Mtoto angezaliwa. Damu ya Angela ingebaki mikononi mwa Abednego, kule Katumba, milele.

Lakini alikuwa ameomba aonyeshwe mkono. Aliitazama mikono yake, bado inadondosha maji. Ameonyeshwa.

Akaingiza mkono beseni, akatoa donge, akaliweka kwenye kiganja cha Getrude.

"Hizi ndizo kuni zangu," alisema. "Lisikie lilivyo zito."

Getrude alilisikia. Uso wake ulibadilika kabla hajasema neno, na alipotaka kusema la kumfariji, Nyamizi alimzuia kwa ishara. Alichotaka kujua ni kimoja: aliyekula akiacha leo, anapona? Getrude alisema yeye si daktari, ila kwanza ni kuacha, leo leo, kisha hospitali kuna dawa. Nyamizi alipindua beseni kwenye shimo la takataka, akafukia, na akawa amekaa kizingitini Kabula aliporudi.

Kumwambia Kabula kulikuwa kugumu kuliko kupanda bati. Binti alisikiliza amesimama. Akafungua fundo la kanga, akatazama vijiti viwili vilivyobaki, akavitupa. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, na kwa siku tatu hakuongea na mama yake isipokuwa shikamoo. Siku ya nne alitoka na kumwambia twende hospitali, na walipofika alimsimulia daktari yeye mwenyewe, mama akiwa kando. Njiani kurudi alisema, "Ulikuwa unampa wewe, na mimi nikimpa. Usibebe peke yako." 

Kesho yake alipanda pikipiki mpaka Katumba. Abednego alikuwa akipalilia tumbaku ya kaka yake. Joséline ndiye aliyemwona kwanza, akasimama njiani na jembe.

"Umetufuata na huku, Mama Kabula?"

Nyamizi alipiga magoti penye tuta, kitu ambacho mwanamke wa umri wake hamfanyii kijana. Akasema yote: shimo, kuni za uongo, jino, vikombe. Alisema alimhukumu mtu kwa kuwa ilikuwa rahisi, naye alijua ni rahisi. Joséline alitazama pembeni. Abednego alimnyanyua, hakuruhusu akae magotini, lakini uso wake haukulegea.

"Nimekusamehe, bibi, kwa sababu Mungu ananidai hivyo," alisema. "Lakini mimi sikutukanwa shambani. Nilitukanwa mtaani, watu wakiwa wamejaa. Msamaha wa hapa tumbaku ndiyo imeusikia."

"Ndiyo maana nimekuja na nauli ya watatu," Nyamizi akajibu.

Jumapili hiyo, baada ya Misa, Jumuiya ilikutana kama kawaida, na kwa mara ya kwanza Abednego na Joséline walikaa mstari wa mbele. Wale vijana waliong'oa mabati walisimama nyuma ukutani. Getrude alikuwepo, na alieleza kwa ufupi habari ya ungo na sumaku. Hakumpamba Abednego. Alimwambia mbele ya watu kwamba vumbi lake nalo ni sumu na kazi hiyo haifai karibu na nyumba za watu, na Abednego akakubali kwa kichwa. Ila Angela hakufa kwa vumbi lile.

Kisha Nyamizi akasimama, pale pale alipokuwa amesimama mara ya kwanza.

"Nilimwomba Mungu mkono," alisema. "Nikaahidi kuutaja." Akainua mikono yake miwili, viganja mbele, mistari ya kijivu ikiwa bado haijatoka. "Abednego hana kosa. Ni hii. Nimewalisha nyie wengi kwa hii. Sikujua, lakini nilidanganya nilikotoka, na uongo wangu ndio uliochelewesha jibu. Naomba kila mwenye udongo wangu anirudishie leo, na kila aliyekula aende akapimwe. Nitamsindikiza mwenyewe."

 Nje kuku alikuwa akiparua majani. Nyamizi alishusha sakafuni ndoo tupu aliyokuja nayo, akaiacha hapo katikati, akasubiri. Alikuwa tayari kusubiri mpaka jioni.

Aliyeinuka kwanza alikuwa Theopista, mwanamke kijana, tumbo limetangulia. Alikuwa mteja wa kila wiki. Alimpita Abednego, akasema pole kwa sauti ya chini, akaingiza mkono kwenye pochi na kutoa kifurushi cha gazeti. Alisita. Mate yalimjaa mdomoni, kila mtu aliona. Akakiachia kifurushi ndani ya ndoo, na vijiti vikagonga chini kwa sauti nzito. Nyuma yake akaja mwingine. Mmoja wa wale vijana wa ukutani alitoka mbio kwenda kuchukua vya mkewe vilivyokuwa jikoni.

Ndoo ilipokuwa nusu, Nyamizi aliiinua kichwani. Kulikuwa na wateja wengi Nsemulwa ambao hawakuwa Wakatoliki, na wengine Misunkumilo, na wengine ambao hakuwajua majina, ila nyuso zao alizikumbuka zote. Kabula alichukua rozari ya mama yake kutoka kwenye kiti, akamvalisha shingoni kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshika ndoo, akatoka naye. Walianza na nyumba ya kwanza upande wa kushoto.